Vitamini A isiyo kali usoni: jinsi ya kuichagua na kuianza bila kubabuka

Haya jamani, maswali yamekuwa yale yale kila siku. Nianze na asilimia ngapi, mbona uso umebabuka, kati ya hii na ile ipi kali, nikichanganya na vitamini C itakuwaje, nimepaka wiki mbili sioni kitu niache? Naandika yote hapa mara moja, ili mtu akikuuliza umtumie asome mwenyewe.

Hapa naongea na anayeanza, yule ambaye hajawahi kugusa retinoidi yoyote (yaani vitamini A na ndugu zake wote) au aliwahi kugusa ikamchoma akaitupa kabatini. Siongelei tretinoini ya kuandikiwa na daktari, hiyo ni dawa na maelekezo yake utapewa na aliyekuandikia. Naongelea zile zisizo kali zinazouzwa kama vipodozi: retinili palmitati na ndugu zake, retinoli, retinali, na ile ya kisasa inayoitwa HPR.

Kabla hujaendelea, kama una mimba au unatafuta mimba ishia hapa, hizi achana nazo kwa sasa. Vitamini A ya kumeza kwa wingi na dawa kama isotretinoini zinajulikana kuharibu mtoto tumboni, na ingawa ya kupaka inayoingia mwilini ni kidogo sana, madaktari wanashauri kutoitumia kabisa kipindi hicho kwa tahadhari tu. Unayenyonyesha muulize daktari wako kwanza. Na kama una ugonjwa wa ngozi unaowaka sa hivi, ukurutu au vidonda, utibiwe hicho kwanza.

Inafanyaje kazi, kwa kifupi

Ngozi haitumii retinoli kama ilivyo. Kinachofanya kazi mwishoni ni asidi ya retinoiki (tretinoini ndo hiyo hiyo, tofauti ni kwamba inakuja ikiwa tayari). Ikifika ndani ya seli inashika vipokezi vyake, vinaitwa RAR, na hapo seli zinapata amri ya kujigawa na kujipanga vizuri zaidi, vinyweleo havizibi ovyo kama mwanzo, kolajeni inatengenezwa zaidi na ile iliyopo haivunjwi sana na jua.

Sasa hizi zisizo kali lazima zigeuzwe na vimeng'enya vya ngozi yako. Esta, yaani retinili palmitati na wenzake, inageuzwa kuwa retinoli, retinoli inageuzwa kuwa retinali, retinali ndo inakuwa asidi. Kila kituo kuna kinachobaki njiani, na retinoli ikizidi mahitaji ngozi inairudisha kuwa esta na kuiweka akiba. Upole wenyewe unatoka hapo, asidi inapatikana kidogo kidogo kadiri ngozi inavyoweza kuigeuza, badala ya kumwagwa yote usiku mmoja. Lakini upole huo huo ndo unafanya kazi iende polepole, huwezi kupata kimoja ukakataa kingine.

HPR, kirefu chake haidroksipinakoloni retinoati, ina njia yake. Hiyo ni esta ya asidi ya retinoiki yenyewe, na inaelezwa kuwa inaweza kushika vipokezi bila kupita vituo vyote hivyo, na bado watu wengi wanaivumilia vizuri. Ila niseme ukweli, utafiti wake kwa watu ni mdogo ukilinganisha na wa retinoli, kwa hiyo tangazo likikwambia ina nguvu sawa na ya daktari bila madhara yoyote, punguza nusu ya maneno hayo kichwani mwako.

Nadharia imetosha.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Sabuni ya uso isiyokausha. Ukimaliza kunawa uso ukakaza kama umevutwa, hiyo siyo.
- Losheni au krimu ya unyevu isiyo na manukato. Ikiwa na seramaidi, gliserini au niasinamaidi ni bora zaidi.
- Sanskrini ya SPF 30 kwenda juu, inayozuia UVA pia. Hii haina mjadala. Kama hela inatosha kitu kimoja tu kati ya retinoidi na sanskrini, nunua sanskrini, retinoidi itasubiri.
- Mafuta ya mgando kidogo ya kupaka pembeni mwa macho, pua na mdomo.
- Retinoidi moja. Nimesema moja.
- Miezi mitatu ya uvumilivu, maana chini ya hapo utakuwa unajidanganya tu kwamba umeijaribu.

Hatua zenyewe

1. Soma nyuma ya chupa, mbele waachie wenye biashara

Mbele wataandika maneno matamu. We geuza nyuma kwenye orodha ya viambato, tafuta jina lenye herufi "retin" ndani yake, liwe mwanzo au katikati. Ukishalipata uliza ni la kundi gani.

Esta (palmitati, asetati, propionati, linoleati) ndo dhaifu kuliko zote. Ziko mbali na asidi, zinadumu vizuri kwenye chupa kuliko retinoli, hazisumbui watu wengi, na matokeo yake pia ni madogo. Maneno kama "proretinoli" mbele ya chupa mara nyingi yanamaanisha hizi. Mtu mwenye ngozi inayokasirika kwa kila kitu anaweza kuanzia hapa, ila asitegemee miujiza.

Retinoli ndo ya kati na ndo iliyochunguzwa zaidi kati ya hizi za vipodozi. Anayeanza atafute 0.1 hadi 0.3%. Kuna watu wanaanza na 1% kwa sababu duka lilikuwa nayo, alafu wiki ya pili wanakuja na picha za uso mwekundu, na hapo kosa siyo la retinoli.

Retinali iko hatua moja tu kutoka kwenye asidi, kwa hiyo inafanya kazi haraka kuliko retinoli, na inasaidia pia kupunguza bakteria wa chunusi. Kawaida inawekwa 0.05 hadi 0.1%, na hiyo 0.05% isikudanganye kwa udogo wake. Ngozi ngumu yenye mafuta inaweza kuanzia hapa, ngozi kavu nashauri isubiri.

HPR nimeshaieleza. Ila ina mtego wake kwenye namba. Kuna malighafi maarufu ambayo viwanda vinanunua ikiwa imeshayeyushwa, ndani yake HPR ni 10% tu na iliyobaki ni kiyeyusho. Sasa chupa ikiandikwa 2% ya hiyo malighafi, HPR halisi uliyopata ni 0.2%. Siyo mbaya, 0.2% inafanya kazi, lakini usije ukasema "mi natumia 2% naweza retinoli ya 1%", hapana, hujafika huko.

Na hapa ndo watu wengi wanapotea: asilimia za makundi tofauti hazilinganishwi. 0.3% ya retinoli na 0.3% ya retinili palmitati ni vitu viwili tofauti, kwanza palmitati yenyewe kwa uzito karibu nusu yake ni mkia wa mafuta, retinoli iliyomo ni kama 55% tu, alafu bado inasubiri kugeuzwa. Linganisha retinoli kwa retinoli, retinali kwa retinali, basi.

Usione aibu kubaki chini. Umoja wa Ulaya kwa sheria ya mwaka 2024 umeweka kikomo cha retinoli pamoja na palmitati na asetati kwenye vipodozi, 0.3% kwa vya uso na vingine vya kupaka, na 0.05% kwa losheni za mwili, zikihesabiwa kwa kiasi cha retinoli kilichomo. Sababu kubwa siyo kwamba uso utaungua, walikuwa wanaangalia jumla ya vitamini A ambayo mtu anaipata kwa chakula, vidonge na kupaka. Ndo maana utaona chupa nyingine zina onyo la kukumbuka vitamini A unayokula kwa siku.

Bakuchioli siyo vitamini A. Inatoka kwenye mmea, ni kitu kizuri kwa wengine, lakini ukiinunua ukidhani umenunua retinoidi umebambikwa.

2. Angalia chupa yenyewe na fomula iliyomo

Retinoli na retinali zinaharibiwa na hewa, mwanga na joto. Kwa hiyo chupa ya kioo cheupe yenye kidondoshi, inayokaa wazi juu ya kabati la dukani kwenye mwanga, mi siinunui hata ikiwa ofa. Kopo la mdomo mpana ndo baya zaidi maana kila ukifungua hewa inaingia na vidole vinaingia. Tafuta pampu isiyoruhusu hewa au tyubu ya alumini, isiyopitisha mwanga.

Kwenye viambato angalia kama kuna vitu vya kuilinda, vitamini E (tokoferoli) au BHT, watu wanaiogopa BHT bure, humo iko kidogo na kazi yake ni kuzuia retinoli isioze kabla haijakufikia. Ukiona imeandikwa imefungwa ndani ya vijipuli au liposomu maana yake wameifunika ili idumu na itoke polepole ikishapakwa, na hiyo kwa anayeanza ni faida kweli, kwa sababu kinachowasha sana ni dozi kubwa kugusa ngozi kwa mkupuo. Fomula yenye mafuta mepesi kama skwaleni, au krimu nzito kidogo, nayo inatuliza kuliko seramu ya maji maji yenye alkoholi nyingi. Retinoli 0.3% kwenye krimu nzuri inaweza kuwa mpole kuliko 0.1% kwenye seramu ya hovyo, kwa hiyo namba peke yake haikwambii kila kitu.

ONYO: usipasue vidonge vya vitamini A ukachanganya kwenye losheni yako. Najua video zinazunguka. Ndani ya kidonge mara nyingi ni esta kwenye mafuta, dozi yake imepangwa kwa tumbo, na losheni yako haikutengenezwa kuibeba wala kuilinda. Kiwandani wanaiweka mwishoni joto likishapungua, wengine wanafukuza hewa kwa naitrojeni wakati wa kujaza, we utafanyaje hayo na kijiko?

3. Tuliza ngozi wiki mbili kwanza

Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu. Wiki mbili kabla, acha skrabu, acha asidi zote za kuchubua, acha toner kali, baki na sabuni, losheni na sanskrini tu. Ngozi ikiwa imeshachubuka kabla hata hujaanza, retinoidi yoyote itachoma hata iwe palmitati.

Kama umekuwa unatumia krimu za kung'arisha, zile za mkorogo usiojua kilichomo, hapa usiwe na haraka kabisa. Nyingi zina steroidi, na nyingine zina tretinoini tayari, maana kuna mchanganyiko maarufu tangu 1975 wa tretinoini, haidrokwinoni na steroidi ambao ulikuwa wa madaktari kutibu mabaka, na watu wakauiga kiholela. Ukiongeza retinoidi juu ya hiyo unajiumiza, na ukiiacha steroidi ghafla uso unaweza kulipuka. Muone daktari wa ngozi akuondoe huko taratibu.

4. Jaribu sehemu ndogo

Paka kidogo nyuma ya sikio au pembeni ya taya, usiku, mara mbili tatu ndani ya wiki. Wekundu mdogo sawa. Ikivimba, ikitoa malengelenge au ikiwasha hadi usilale, hiyo bidhaa siyo yako.

5. Usiku wa kwanza

Nawa uso, futa kwa kugusagusa, alafu subiri ukauke kabisa, kama dakika 20 hivi. Ngozi yenye maji inapitisha vitu haraka na hapo ndo kuwashwa kunapoanzia. Paka mafuta ya mgando kwenye kona za macho, pembeni mwa pua na kona za mdomo, sehemu hizo ngozi ni nyembamba na bidhaa inajikusanya humo.

Paka losheni yako safu nyembamba, isubiri iingie. Alafu chukua retinoidi kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, ndio, uso mzima, gusisha nukta kwenye paji, mashavu yote mawili na kidevu kisha sambaza. Kope za macho ruka. Shingo pia iache kwa miezi ya mwanzo, inakasirika haraka kuliko uso. Malizia na losheni tena juu.

Hii ya losheni chini na juu wengine wanaibeza eti inapunguza nguvu. Inapunguza kidogo, na ndo tunachotaka, we bado unaanza. Huko mbele ngozi ikishazoea utaacha ile ya chini.

Makosa mawili ya usiku huu: kupaka nyingi ili ifanye kazi haraka (haifanyi haraka, inababua haraka), na kupaka tu pale penye doa au chunusi. Retinoidi siyo dawa ya kuweka juu ya kidoti, inapakwa eneo zima, kwa sababu chunusi ya wiki ijayo sa hivi bado haionekani.

6. Ratiba

Wiki ya 1 na ya 2: usiku mmoja au miwili kwa wiki, isifuatane.
Wiki ya 3 na ya 4: usiku miwili hadi mitatu.
Wiki ya 5 kwenda mbele: usiku kupisha usiku, kama hakuna kubabuka.
Baada ya wiki ya 8 ukitaka kila usiku jaribu, usipotaka baki hapo hapo.

Ratiba hii siyo msahafu. Ikianza kuwasha rudi nyuma hatua moja ukae hapo wiki mbili. Nasisitiza hivi kwa sababu mara ngapi kwa wiki ndo kifaa chako kikubwa cha kurekebisha ukali, kikubwa kuliko kubadili bidhaa. Mtu anayepaka retinoli ya kawaida mara tatu kwa wiki mwaka mzima atafika mbali kuliko anayepaka kila siku wiki mbili, anababuka, anapumzika mwezi, anaanza upya.

Na mara tatu siyo kidogo. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa wazee 36, wastani wa umri wao miaka 87, walipakwa losheni ya retinoli 0.4% kwenye mkono mmoja na losheni tupu kwenye mkono mwingine, hadi mara tatu kwa wiki, kwa wiki 24. Mkono wa retinoli mikunjo midogo ilipungua kuliko ule mwingine. Miaka 87 hiyo! Kwa hiyo anayekwambia usipopaka kila usiku unapoteza muda, mwache.

7. Usiku wa retinoidi usiijazie wageni

Usiku huo hakuna asidi ya glaikoliki, hakuna ya salisiliki, hakuna skrabu, hakuna barakoa ya kuchubua. Zitumie usiku mwingine, tena baada ya miezi miwili mitatu, ukiona bado unazihitaji. Wengi wanakuja kugundua hawazihitaji tena.

Vitamini C ipake asubuhi, retinoidi usiku, hawana ugomvi. Benzoili peroksaidi (ile dawa ya chunusi) nayo iweke asubuhi maana inaweza kuiharibu retinoidi zikikutana. Niasinamaidi, seramaidi, gliserini, asidi ya hayaluroniki, hizo changanya utakavyo, zinasaidia.

Retinoidi mbili kwa pamoja? Kama zimo kwenye chupa moja na mtengenezaji kapima, sawa. Ukizikusanya mwenyewe, seramu ya retinoli, juu krimu ya usiku yenye palmitati, kwenye macho krimu ya retinali, hapo hujui tena unatumia dozi gani. Ndo maana nilisema soma nyuma ya kila chupa uliyonayo, retinoidi zinajificha hata kwenye krimu za kawaida.

8. Asubuhi

Nawa, losheni, sanskrini. Kipimo ni mistari miwili ya sanskrini kwenye vidole viwili, kwa uso na shingo, na ukiwa nje rudia kila masaa mawili. Hata siku ya mawingu. Wenye ngozi nyeusi msiseme haiwahusu, kuungua labda hamtaungua haraka, lakini madoa ndo yanawahusu zaidi ya mtu yeyote, kila ngozi ikikasirika inaacha alama nyeusi na jua linaikoleza.

9. Subiri, alafu amua

Wiki za kwanza unaweza usione kitu au uone ukavu tu. Ulaini wa ngozi na chunusi ndogo ndogo kupungua unaanza kuonekana kama wiki ya 8 hadi 12. Madoa yanachukua miezi. Mikunjo tegemea miezi sita au zaidi. Piga picha mwanzo, sehemu ile ile, mwanga ule ule, maana kioo cha kila siku hakikumbuki ulivyokuwa.

Chupa ikiisha na hujababuka, unaweza kupanda: kutoka esta kwenda retinoli ndogo, kutoka retinoli 0.1 kwenda 0.3, au kutoka retinoli kwenda retinali. Ukipanda, ratiba inaanza upya kutoka wiki ya 1.

Mambo yakienda kombo

*Uso unabanduka vipande vidogo lakini hauumi.* Kawaida, hasa wiki ya 2 hadi ya 6. Ongeza losheni, punguza usiku mmoja kwa wiki. Usibandue kwa kucha, na skrabu usiiguse.

*Unachoma hata nikipaka losheni au maji.* Ukuta wa ngozi umeharibika. Acha retinoidi kabisa, baki na sabuni isiyo kali, losheni nzito na sanskrini mpaka iishe kuchoma, kisha subiri wiki moja zaidi ndipo urudi, usiku mmoja kwa wiki. Ikichoma tena ukirudi, shuka kundi.

*Chunusi zimeongezeka, ni zile za kusafisha au nimedhurika?* Angalia zinatokea wapi. Zikitokea sehemu zako za siku zote, ndogo ndogo, zinaiva na kuondoka haraka, zilikuwa njiani tayari na retinoidi imeziharakisha, zinapaswa kupungua ndani ya wiki 4 hadi 6. Zikitokea mahali ambapo hujawahi kupata chunusi, zikiambatana na kuwasha na wekundu, au zikipita wiki 8 bila kupungua, hiyo siyo kusafisha, bidhaa imekukataa. Inaweza isiwe hata retinoidi, ni krimu yenyewe inaziba vinyweleo vyako, jaribu ya fomula nyingine. Na kama chunusi ndo tatizo lako kubwa kuliko yote, fikiria adapalini 0.1%, hiyo ni dawa kamili ya chunusi, Marekani inauzwa bila cheti tangu 2016, sehemu nyingine inataka cheti cha daktari.

*Nimepata madoa meusi mapya.* Karibu kila mara ni alama za kuwashwa na siyo retinoidi yenyewe. Simamisha, tuliza, sanskrini kwa bidii, ukirudi rudi na dozi ndogo. Usijaribu kuyaondoa kwa kuongeza nguvu, utayazidisha.

*Krimu imebadilika rangi.* Retinali kwa asili yake ni ya njano hadi chungwa, na retinoli ina unjano hafifu, hiyo usiogope. Ikitoka njano ikaenda kahawia, au ikabadilika harufu ikawa ya mafuta yaliyochacha, imeoza, tupa. Weka mbali na dirisha na mbali na bafu lenye mvuke, funika kila ukimaliza, na alama ya kikopo kilicho wazi yenye namba nyuma inakwambia miezi ya kuitumia baada ya kufungua, iheshimu.

*Macho yanakauka au kuwasha asubuhi.* Inahama usiku kutoka mashavuni. Ongeza mafuta ya mgando kuzunguka macho, paka retinoidi saa moja kabla ya kulala ili isishikwe na mto, na uanzie chini zaidi ya mfupa wa shavu.

*Nataka kutoa nywele za uso kwa nta.* Acha retinoidi siku 5 hadi 7 kabla, la sivyo nta itaondoka na ngozi. Rudi ngozi ikishatulia.

*Nimeruka wiki nzima.* Hakuna kilichoharibika. Usipake mara mbili kufidia. Ukiwa umeruka zaidi ya mwezi anza ratiba kutoka wiki ya 3.

*Wiki ya 12 imefika sijaona kitu kabisa.* Kwanza hesabu ni usiku mingapi umepaka kweli, watu wengi wakihesabu wanakuta ni kumi na kitu. Kama umepaka vizuri, angalia ni esta? Basi panda retinoli. Ni retinoli kwenye kopo wazi iliyokaa dukani hujui tangu lini? Labda ulikuwa unapaka krimu tupu. Na je sanskrini unapaka? Kama hupaki, jua linavunja mchana kile ulichojenga usiku.

*Nimegundua nina mimba na nilikuwa natumia.* Acha leo, mwambie daktari wako kwenye kliniki, mtajie jina la bidhaa na kiasi. Usiingie hofu, ya kupaka inayofika kwenye damu ni kidogo, ila usiendelee nayo.

*Uso umevimba, una malengelenge, au wekundu haupungui hata baada ya siku kadhaa za kuacha.* Hapo usitafute majibu mtandaoni, nenda hospitali na chupa yako mkononi ili daktari asome mwenyewe kilichomo.